Buku na Cheti cha Kunusa

Chini ya milima ya Uluguru, pale Mto Ngerengere unapoteremkia tambarare, wanyama walikuwa na ghala lao la mahindi. Hapakuwa na mnyama asiyekula humo, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mnyama asiyemfahamu Buku. Alikuwa panya wa ile jamii kubwa, yenye mifuko mashavuni na mkia mweupe nchani, na kazi yake ilikuwa moja tu: kunusa magunia. Gunia likiingia hulizunguka, hupeleka pua kwenye mshono, kisha husema "liingie" au "litoke." Likitoka hutupwa korongoni bila mjadala. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, naye mama aliirithi kwa mjomba wake, na hakuna aliyekumbuka lini mnyama aliumwa tumbo kwa ugali wa ghala lile.

Siku moja zikafika habari za binadamu. Mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, mahindi yaliyoingia sumukuvu yaliwaua watu waliokula ugali wa jikoni mwao. Wanyama wakaambiwa kwamba mahindi yakifungiwa kabla ya kukauka sawasawa huota kuvu, na kwamba sumu inayobaki humo haiondoki kwa kuchemshwa. Buku hakushtuka, kwa kuwa hayo aliambiwa na mama yake kabla hajaota meno. Aliyeshtuka ni Ngiri, meneja wa ghala. Alitetemeka kuanzia pembe mpaka mkia, na alipomaliza kutetemeka akafanya wanalofanya mameneja wote waliotishika: akatunga kanuni.

"Kuanzia msimu ujao," akatangaza, "hakuna pua itakayogusa gunia bila cheti."

Buku akamwamkia, kisha akauliza, "Cheti cha nani, Mzee?"

"Cha Baraza."

"Baraza lipi, Mzee?"

"Linaundwa."

Likaundwa. Uenyekiti akapewa Bundi. Wapo walionong'ona kwamba pua ya bundi si kitu cha kwenda nacho mbele za watu, wakajibiwa kuwa Mwenyekiti ana uzoefu wa miaka mingi na panya, tena anawafahamu kwa ndani. Hilo lilikuwa kweli tupu, maana wengi aliowafahamu walikuwa bado humo ndani. Kima akawa makamu, kwa kuwa ana mikono ya kugonga mhuri. Kasuku akawa katibu, kwa kuwa lililosemwa kikaoni halimpotei: hulisema tena palepale. Ngiri akaingia kuwakilisha waajiri. Panya hakuwemo hata mmoja kwa sababu, Baraza lilieleza, hakuna panya mwenye cheti.

Baraza likatoa mtaala wa masomo matano: Nadharia ya Harufu, Sheria za Magunia, Historia ya Pua, Maadili ya Mnusaji, na Kunusa kwa Vitendo. Mtihani ukapangwa kufanyika mara mbili kwa mwaka, masika yanapoisha na vuli inapoanza. Ghalani hakuna asiyejua kwamba masika yakiisha mahindi mapya huanza kumiminika, na vuli ikianza kila mwenye shamba huja mbio kudai mbegu. Nyakati hizo mbili hata mwenye homa haombi ruhusa. Baraza lilisema lilizichagua kwa makusudi, kwa kuwa ndipo watahiniwa wote wanapopatikana kazini.

Kisha zikaja ada. Usajili ni pishi moja. Kila somo ni vibaba viwili. Anayerudia somo atalipa vibaba vitatu, kibaba cha tatu kikiwa cha usumbufu; haikuelezwa nani aliyesumbuliwa. Mshahara wa Buku ulikuwa kibaba kimoja kwa wiki. Akahesabu kwa vidole vya mbele vikaisha, akaendelea na vya nyuma, akapata vibaba 14: mshahara wa wiki 14, hapo mtoto hajala punje.

Akaenda ofisini kwa Ngiri.

"Soma, kijana," Ngiri akasema kabla hajaulizwa. "Ghala hili linajivunia watumishi wanaojiendeleza. Nitakuandikia barua ya kukuunga mkono."

"Nashukuru, Mzee. Nilikuwa naomba na zamu zipunguzwe kidogo, nipate muda wa kusoma."

"Zimeshapunguzwa. Zamani ulifanya kazi usiku kucha. Sasa utafanya usiku mzima tu."

Buku aliitafakari tofauti hiyo njia nzima hadi nyumbani. Alipofika alikuta pia kwamba Sungura, mtoto wa dada yake Ngiri kwa mlango ambao haukuwahi kuelezwa vizuri, amepewa likizo ya masomo yenye malipo, na magunia ya Sungura yameongezwa kwenye hesabu ya Buku. Barua ilisema Sungura ameruhusiwa kwa kuwa kazi yake haitaathirika asipokuwepo. Kwa hilo, barua haikusema uongo.

Buku akaanza kubukua. Panya wa jamii yake ni viumbe wa usiku: huingia kazini magharibi, hutoka alfajiri, na mchana hulala. Mtu wa namna hiyo akitaka kusoma, muda ulio wake ni mmoja tu, nao tayari una mwenyewe, anaitwa usingizi. Basi Buku akawa anamwibia usingizi kidogo kidogo: kwanza saa moja ya adhuhuri, halafu asubuhi yote, mwisho mchana mzima. Mkewe alimtazama wiki nzima bila kusema neno. Wiki ya pili akasema.

"Baba Mashavu, mchana Mungu aliuweka tulale. Hakukosea."

"Mama Mashavu, ni miezi sita tu."

"Na mwenye gunia la usiku anajua kama mnusaji wake hajalala?"

"Mwenye gunia anataka cheti."

"Anataka cheti, au anataka kuamka kesho?"

Buku akafungua ukurasa ili asijibu.

Madesa yake aliyabeba mashavuni, kama jamii yake wanavyobeba chakula: shavu la kushoto Sheria za Magunia, shavu la kulia punje za watoto. Usingizi ulipomzidi alichanganya. Watoto wakala vifungu viwili vya Sheria, naye akakaa usiku mzima ghalani akipitia mahindi. Mchana mmoja alisinzia juu ya sura ya nne ya Nadharia ya Harufu, na alipozinduka sura haikuwepo. Alikuwa ameitafuna akiwa usingizini. Ajabu ni kwamba siku ya mtihani maswali ya sura ya nne aliyajibu yote bila kosa, jambo ambalo wataalamu wa elimu hawajalitolea maelezo mpaka leo.

Jioni, kabla ya zamu, palikuwa na tuisheni kwa Mwalimu Kasuku, yule yule katibu wa Baraza, chini ya mkwaju. Ada ilikuwa ya pembeni.

"Harufu ni nini?" Kasuku aliuliza.

"Harufu ni nini!" darasa likaitikia.

"Vizuri sana. Gunia bora lina sifa ngapi?"

"Nane!"

"Zitaje!"

Wakazitaja, kwa kupanda na kwa kushuka. Buku akanyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu. Kuvu wa kijani na kuvu wa kijivu, harufu zao zinatofautianaje gunia likiwa bado na unyevu?"

Kasuku akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili. "Hilo halijawahi kutoka," akasema, na darasa likaandika: halijawahi kutoka.

Kima naye hakulala njaa. Kwenye kivuli cha mwarobaini aliuza mitihani iliyopita, ya mwaka huu na ya mwaka huu tena, kwa kuwa Baraza halikuwa na umri wa kuwa na mwaka mwingine. Siku tatu kabla ya mtihani akaanza kuuza, kwa sauti ya chini inayosikika kijiji kizima, mtihani uliovuja. Ilikuwa mitatu, haifanani, na kila mmoja ndio wenyewe. Buku hakuwa na kibaba cha kununua hata mmoja. Sungura akanunua yote mitatu.

Siku ikafika. Buku alipakua magunia mpaka alfajiri, kwa kuwa ruhusa yake ilisema ataondoka kazi ikiisha. Mlangoni pa kituo cha mtihani alisimama msimamizi, Kicheche. Akamkagua.

"Hayo mashavu vipi?"

"Ndivyo nilivyoumbwa, bwana."

"Toa."

Zikatoka punje tatu, kipande cha Sheria kilicholowa mate, na risiti ya ada. Punje na Sheria zikataifishwa. Risiti akarudishiwa, kwa kuwa haina msaada kwa mtahiniwa. Ndani, Mwenyekiti Bundi alikuwa ametua kwenye tawi la juu kushuhudia, na panya wote waliokuja kutahiniwa waliandika wakitazama juu. Wengi walikosa maswali kwa sababu hiyo, na mmoja alikosekana kabisa wakati wa kukusanya karatasi. Kwenye orodha aliandikwa: ameahirisha.

Masomo manne yakapita. La tano likawa Kunusa kwa Vitendo. Magunia kumi yakapangwa mstari, mengine mazima, mengine yana kuvu. Watahiniwa wakaingia. Mmoja akapiga chafya, Kicheche akashtuka, na kicheche akishtuka huachia kile ambacho umbo lake limemruhusu kuachia. Chumba kikajaa. Nzi wakaanguka. Hapakubaki harufu nyingine duniani.

Sungura hakujali. Akafumba macho akaimba alichofundishwa: la kwanza zima, la pili bovu, la tatu zima, la nne bovu, mpaka la kumi, kwa kuwa mitihani yote mitatu iliyovuja, pamoja na kutofanana kwake, ilikubaliana hapo. Buku akazunguka magunia yote kumi, akarudi, akazunguka tena, kisha akaandika ukweli: "Kwa sasa namsikia Kicheche peke yake. Naomba magunia yatolewe nje."

Matokeo yakabandikwa kwenye shina la mbuyu. Sungura alifaulu yote. Buku alifaulu manne na kushindwa moja: Kunusa.

"Pole, kijana," Ngiri akamwambia. "Kwenye nadharia uko vizuri. Hili la kunusa ndilo ulifanyie kazi." Kisha, kwa mujibu wa kanuni, akamtoa kwenye magunia ya kunusa akamweka kwenye magunia ya kubeba, kwa malipo ya kuli. Sungura akawa Mnusaji Mkuu.

Siku zile za kubeba magunia, Buku akamkumbuka binamu yake wa mjini. Akashuka usiku hadi Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, akafika kunapambazuka. Akamkuta binamu uwanjani, amevaa mikanda ya kifuani, akitembea huku na huku kwenye kamba iliyovutwa kati ya binadamu wawili. Ghafla akasimama, akakwaruza udongo. Kidude mkononi mwa binadamu kikalia "tik," na papo hapo akapewa kipande cha ndizi. Jua halijapata nguvu, kazi ikaisha. Masikio na mkia vya binamu vilikuwa vimepakwa mafuta ya kukinga jua.

"Sasa unakwenda wapi?" Buku akauliza.

"Kulala."

"Na kusoma je?"

"Ndiko huko nilikokuwa nafanya, binamu. Hujaona ndizi?"

Wakakaa, binamu akaeleza. Shirika la APOPO limekuwa hapo chuoni tangu mwaka 2000, likiwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Wengine wamefundishwa kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, kazi inayomchukua mtaalamu wa maabara siku nne. Mafunzo ya mabomu huchukua takriban miezi tisa, tangu panya akiwa mchanga. Mwisho kuna mtihani, na asiyefaulu hapelekwi popote. Waliofaulu wamekwenda Msumbiji, Angola na Kambodia.

"Magawa alizaliwa hapa hapa," binamu akasema, na kifua kikamtutumka. "Alipelekwa Kambodia akanusa mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika moja la Uingereza likampa nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu, akafa mzee Januari 2022. Hakulipukiwa na hata moja. Uzito wetu hautoshi kulilipua."

"Na mtihani wenyewe ukoje?"

"Vitu vinafukiwa, na anayenishika kamba hajui vilipo. Hawezi kunikonyeza hata akitaka."

"Ukishindwa, ada ya kurudia ni vibaba vingapi?"

Binamu alicheka mpaka ndizi ikamtoka shavuni. "Ada? Nikishindwa narudi mafunzoni, nakula ndizi tena. Sikia, binamu. Shamba nitakalolipitia mimi, keshokutwa atalipita mtoto na mbuzi wake. Nikikosea, mguu wa mtoto unaondoka mchana kweupe na kila mtu anauona. Ndiyo maana hawana haja ya kujua nimekariri nini. Wanataka kujua kama mguu utabaki. Na ndiyo maana wananifundisha ndani ya saa za kazi, wananiacha nilale, maana pua iliyokesha itamuua mtu. Nyinyi huko ghalani, kosa lenu linamwangukia nani?"

Buku akafikiri. "Kila mtu, kidogo kidogo."

"Basi mmekwisha. Kosa linalomwangukia kila mtu kidogo kidogo halina mwenyewe. Na mtihani wa kazi isiyo na mwenyewe utawanufaisha wauza ada tu."

Buku aliporudi alikuta Nyumbu amelazwa. Kesho yake Swala, keshokutwa ndege wa mto wawili na nguchiro mzima wa afya. Wote walikuwa wamekula mahindi yenye saini ya Sungura. Ikaundwa tume, mwenyekiti wake Kobe, ambaye alichukua msimu mzima kutembelea eneo la tukio. Ripoti ilikuwa nene na ilisomwa hadharani. Cheti cha Mnusaji Mkuu ni halali. Magunia yalinuswa kwa mujibu wa Kanuni. Chanzo cha tatizo kiko kwenye matumbo. Tume inapendekeza ianzishwe ngazi ya pili ya cheti, yenye masomo saba.

Vuli ikakaribia. Buku akalipa vibaba vitatu vya kurudia, akaingia chumba kilekile, chini ya tawi lilelile. Kicheche akashtuka kama kawaida yake. Safari hii Buku hakuzunguka gunia hata moja. Akafumba macho akaandika: zima, bovu, zima, bovu. Akafaulu kwa daraja la juu.

Nyumbani, mkewe akakigeuza cheti mbele na nyuma. "Umejua nini leo ambacho masika hukukijua?"

"Sijajua kitu, Mama Mashavu. Nimejulikana tu."

Akarudishwa kwenye kunusa na mshahara ukapanda kwa pishi moja kwa mwaka. Wiki hiyohiyo ikaja barua ya Baraza kumpongeza na kumkumbusha ada ya uanachama, pishi moja kwa mwaka, pamoja na saa 40 za kujiendeleza kitaaluma, ambazo hutimizwa kwa kukaa mbele ya Kasuku. Buku alipiga hesabu tena kwa vidole, na safari hii vya mbele vilitosha, maana jibu lilikuwa sifuri.

Ila cheti kile kilifanya kazi moja ambayo Baraza halikuitarajia. Sababu ya kutokuwepo panya barazani ilikuwa kwamba hakuna panya mwenye cheti. Sasa alikuwepo. Wakamtafutia kigoda kifupi, mbali na Mwenyekiti kwa ombi lake mwenyewe, na kikao cha kwanza akasimama na hoja mbili.

"Waheshimiwa, hoja ya kwanza: anayejiandaa kwa mtihani wa kazi ya ghala ajiandae ndani ya saa za ghala, kwa kuwa ghala ndilo litakalokula matunda yake."

"Usingizi wa watumishi si ajenda ya Baraza hili," Ngiri akasema. Hoja ikaondolewa kabla ya kukaa.

"Ya pili, basi. Kila gunia linalopitishwa, ugali wake wa kwanza uliwe na aliyelitia saini pamoja na sisi tuliompa cheti. Tukiamka salama, kijiji kile."

Pakawa kimya cha kutafuta kanuni inayokataza. Wa kwanza kusema akawa Bundi. "Mimi naunga mkono kwa moyo wote," akasema. "Mahindi sili."

Kima akashika tumbo akasema afya yake haimruhusu. Kasuku akasema afya yake haimruhusu. Ngiri akasema hoja ni nzuri sana, ila wakati wake bado, inahitaji kufanyiwa utafiti. Zikapigwa kura: za kukubali mbili, za kukataa tatu. Hoja ikaanguka, Kasuku akaiandika imeanguka.

Jioni hiyo mtoto wa Ngiri akafika na kikapu kwenye mlango wa nyuma wa ghala. Nyuma yake akaja mtoto wa Kima. Juu ya paa akatua Kasuku mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kutuma. Hakuna aliyeulizia cheti. Wote watatu walitaka kujua jambo moja: ni gunia lipi alilolinusa Buku kwa pua yake?

Buku akawaonyesha. Kisha akamtoza kila mmoja kibaba kimoja cha usumbufu, akafunga mlango wa nyuma, akaenda kulala.